Barabara Iliyoanza kwa Ahadi



Tulikuwa tunafunga mizigo ya safari ulipoingia ujumbe kutoka Muheza. Kijiji kimekusudia kufungua barabara ya kufikia zahanati, na njia iliyo fupi inakata shamba la ukoo wetu, upande wa michungwa. Wazee wako tayari kukitoa kipande hicho, lakini hawakutaka kutia saini kabla ya kupata kauli ya mama yetu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika watoto wa marehemu babu. Mama wakati huo alikuwa kwetu Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alikokuja kututazama sisi na wajukuu zake.

Tulimsomea ujumbe ule mara mbili. Akanyamaza, kisha akauliza, "Wanangu, na hii safari mliyopanga, ni ya kwenda kutazama nini?" Tukamweleza kuwa tunakwenda kuifuata Barabara ya Taifa, barabara kuu ya kwanza iliyojengwa kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, tangu mjini kwetu hadi ilikoanzia, Cumberland, katika jimbo la Maryland. Ni mwendo wa takriban kilomita 400. Mama akasema, "Basi hao Muheza wangoje. Twende kwanza nikaone wenzetu waliiombaje barabara yao."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka watu sita garini, pamoja na birika la chai, maandazi, mikeka miwili ya kuswalia, na jibu ambalo lilikuwa linatudai.

Ahadi ya mwaka 1802

Barabara yenyewe hatukuwa na haja ya kuitafuta. Inapita mashariki ya Columbus kwa jina la Main Street, mbele ya maduka ya matairi na migahawa, na maelfu ya watu huipita kila siku bila kujua wanakanyaga nini. Ukishatoka mjini ndipo inapoanza kujitambulisha. Kando ya njia yamesimama mawe ya maili, mengine yameinama, mengine maandishi yake yamelika kwa mvua na theluji. Kila jiwe lilitaja umbali uliobaki hadi Cumberland. Watoto wakawa wanashindana kuyaona mawe hayo, na kila tulipokwenda mbele hesabu ilipungua.

Ili kuelewa kwa nini mawe ya Ohio yanahesabu kuelekea mji ulio jimbo jingine kabisa, sharti turudi mwaka 1802. Wakati huo Ohio ilikuwa inaomba kuwa jimbo kamili. Ardhi kubwa ya huko ilikuwa mikononi mwa serikali kuu, ambayo iliiuza kidogo kidogo kwa walowezi. Waziri wa Fedha, Albert Gallatin, aliyekuwa mhamiaji kutoka Geneva, alipendekeza makubaliano. Jimbo jipya lisitoze kodi mashamba yanayouzwa na serikali kuu kwa muda maalumu, na kwa upande wake serikali kuu itenge sehemu ya mapato ya mauzo hayo kwa ajili ya kujenga barabara za kuiunganisha Ohio na mito inayoingia Bahari ya Atlantiki. Gallatin alitaka sehemu moja ya kumi. Bunge la nchi hiyo, yaani Kongresi, likapunguza ikawa sehemu moja ya ishirini, na msamaha wa kodi ukawekwa miaka mitano. Tarehe 30 Aprili 1802 makubaliano hayo yakawa sheria. Mwaka uliofuata fungu hilo likagawanywa: asilimia 3 zitumike kwa barabara za ndani ya Ohio, na asilimia 2 zibaki kwa barabara ya kufika Ohio.

Tulimweleza mama haya tukiwa tumekaa karibu na New Concord, juu ya daraja la mawe lililojipinda mfano wa nyoka. Waashi walilijenga tao lake likate mkondo wa maji moja kwa moja, kwa kuwa tao lililonyooka ni jepesi kujenga kuliko lililokaa mshazari, kisha wakazipinda ncha mbili za daraja zikutane na barabara. Mama alilipapasa jiwe la ukingo, akauliza, "Hizo asilimia mbili zilitosha?"

Hazikutosha. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Uriah Tracy wa Connecticut ilitoa taarifa yake tarehe 19 Desemba 1805, nayo ikaonyesha kuwa tangu Julai 1802 hadi mwisho wa Septemba 1805 mfuko ule ulikuwa umekusanya dola 12,652 tu. Mama akacheka kwa pumzi. "Hiyo ni kualika kijiji kizima karamu kwa kibaba kimoja cha mchele."

Katika taarifa hiyo kamati ilipima njia zinazotoka Philadelphia, Baltimore na Richmond, maana kila mji wa pwani ulitamani biashara ya magharibi ipitie mlangoni kwake. Kamati ikachagua Cumberland, penye Mto Potomac, na kutoka hapo njia ivuke milima hadi Mto Ohio. Hoja yake haikuwa ya biashara peke yake. Iliona kuwa milima imewatenga ndugu wa taifa moja, na kwamba watu wasiofikika kwa njia hawachelewi kuona maslahi yao yako kwingine.

Hapa tuwaibie wasomaji wetu siri ndogo ya mwezi huohuo. Siku kumi kabla ya taarifa ile kutolewa, tarehe 9 Desemba 1805, Rais Thomas Jefferson alimwalika chakula Sidi Soliman Mellimelli, balozi wa Tunis. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Chakula kilichopangwa saa tisa na nusu alasiri kikasogezwa hadi jua litakapozama, ili mgeni apate kufuturu. Watoto walipolisikia hilo waliacha kuhesabu mawe kwa muda, wakataka kujua alipewa tende au hakupewa. Hilo hatukuwa na la kuwajibu.

Sheria inayotaja ujira wa mbeba mnyororo

Usiku wa kwanza tulilala Wheeling, ukingoni mwa Mto Ohio. Mji huu leo uko West Virginia, lakini wakati ule ulikuwa ndani ya jimbo la Virginia. Jioni tulitembea kwa miguu juu ya daraja la kuning'inia la mwaka 1849, lenye urefu wa futi 1,010 kati ya nguzo na nguzo, ambalo magari yalizuiwa kulipita tangu mwaka 2019. Tuliporudi, mama alitaka tumsomee sheria yenyewe ya barabara, si hadithi zake. Tukaifungua, tukawa tunamtafsiria kifungu kwa kifungu.

Sheria hiyo ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 66 dhidi ya 50, na Jefferson akaitia saini tarehe 29 Machi 1806. Kwa idadi hiyo ya kura msomaji ataona kuwa haikuwa jambo jepesi. Jefferson mwenyewe alikuwa mtu wa kuihofia serikali kuu inayojitanua, na Katiba ya nchi yake haikutamka popote kwamba Kongresi ijenge barabara ndani ya majimbo. Kilichompa njia ya kupita ni mambo mawili: ahadi iliyokwisha kutolewa kwa Ohio, na sharti la kupata ridhaa ya kila jimbo litakalopitiwa.

Sheria yenyewe ni fupi, ila imejaa vipimo. Rais, kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, ateue makamishna watatu wasio na maslahi yao katika jambo hilo. Hao waikague njia, waichore, na waiweke alama kwenye miti au nguzo, walau kila robo maili mahali njia iliponyooka. Ukanda wa barabara uwe na upana wa futi 66, yaani kama mita 20. Katikati painuliwe kwa mawe, udongo, changarawe na mchanga, na kila upande uchimbwe mtaro wa maji. Pasiwe na mahali popote panapopanda zaidi ya nyuzi 5. Kamishna alipwe dola 4 kwa siku, mpimaji dola 3, wabeba mnyororo wa kupimia na mweka alama dola 1 kila mmoja. Dola 30,000 zikatolewa kuanzia kazi, zirudishwe hazina kutoka katika ule mfuko wa Ohio. Na Rais aliombwa kuliletea Bunge taarifa ya maendeleo kila kikao kinapoanza.

Mama alikuwa amefumba macho, tukadhani amesinzia. "Someni tena hapo penye mtaro," akasema. Tukasoma. "Na penye ujira wa mbeba mnyororo." Tukasoma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawa walijua kuandika. Muheza wametuletea neno 'kipande'. Kipande cha upana gani?"

Hatukuwa tumejiuliza swali hilo. Katika ujumbe wa wazee hapakuwa na kipimo hata kimoja.

Ruhusa ya Pennsylvania

Asubuhi tuliingia Pennsylvania. Njia inapanda na kushuka vilima vya malisho, ng'ombe wakiwa wamejilaza kwenye vivuli. Tulipita Washington, ambao si ule mji mkuu bali ni mji mdogo ulio na jina hilohilo, kisha Brownsville, ambako lipo daraja la Dunlap's Creek lililokamilika mwaka 1839, la kwanza nchini humo kuwa na tao la chuma cha kusubu, na hadi leo magari yanapita juu yake.

Ramani ya barabara hii ina fundisho kwa anayetaka kulisoma. Makamishna watatu, Thomas Moore na Eli Williams wa Maryland pamoja na Joseph Kerr wa Ohio, walipeleka taarifa yao ya kwanza mwishoni mwa Desemba 1806. Walikuwa wamekwea milima kutafuta njia iliyo fupi, yenye mwinuko mdogo na vivuko vyema vya mito. Maryland na Virginia zikaridhia. Pennsylvania nayo ikaridhia, tarehe 9 Aprili 1807, lakini kwa sharti: barabara ipite katika miji yake ya Uniontown na Washington.

Jefferson hakulifurahia sharti hilo. Katika barua kwa Gallatin ya Aprili 1808 alieleza kuwa shabaha ya barabara ni kwenda magharibi moja kwa moja. Mikengeuko midogo yenye kuwafaa wasafiri inaweza kufikiriwa, lakini yeye hatauza kwa sababu za namna hiyo amana ya umma aliyokabidhiwa kwa lengo jingine. Ni maneno ya mtu mwenye kujua uzito wa dhamana. Hata hivyo miezi michache baadaye, Julai 1808, Gallatin alimkumbusha kuwa wilaya ya Washington huwapa wanachama wa chama chao ushindi wa takriban kura 2,000, na kwamba uchaguzi uko karibu. Muda si muda makamishna wakaagizwa kuichunguza njia inayopitia mji huo. Leo barabara inapita Uniontown, na inapita Washington.

Tulibishana garini juu ya jambo hili. Sisi tulisema ni aibu, amana imeuzwa kwa kura. Mama hakuafiki. "Aliyeombwa ruhusa ana haki ya kuweka sharti," alisema. "Asingekuwa na haki hiyo, kuombwa kungekuwa na maana gani? Ubaya ni pale sharti linapokubaliwa kwa jambo jingine lisilotajwa. Wangesema wazi: tunapita Washington kwa sababu hii na hii." Mjukuu wake mkubwa akamwuliza, "Bibi, kwa hiyo na wewe utaweka masharti?" Akamjibu, "Ngoja nimalize barabara ya watu kwanza."

Nani atazibua mitaro?

Mikataba ya kwanza ya ujenzi ilitiwa saini mwaka 1811, miaka mitano baada ya sheria. Mwaka 1818 barabara ikafika Wheeling, na magari ya farasi ya kubeba barua yakaanza kupita kutoka mji mkuu hadi Mto Ohio. Kazi ikasonga mbele tena kuanzia mwaka 1825, ikafika Columbus mwaka 1833, na hatimaye ikakoma katika uwanda wa Illinois, penye mji wa Vandalia, baada ya Kongresi kutoa fungu lake la mwisho mwaka 1838. Zile dola 30,000 za mwanzo zilikuwa zimezaa matumizi ya karibu dola milioni 6.8.

Lakini tazama ajabu hii. Sheria iliyotaja ujira wa mbeba mnyororo haikutaja nani atakayeitengeneza barabara ikichakaa. Barabara ilipofika Wheeling, sehemu za mashariki zilizotangulia zilikuwa zimekwisha kuanza kuharibika kwa magurudumu, maji na baridi. Mwaka 1822 Kongresi ikapitisha muswada wa kuweka vizuizi vya kutoza ushuru wa njia, ili fedha hizo ziitengeneze. Rais James Monroe akaukataa kwa kura ya turufu tarehe 4 Mei, akieleza kwa maandishi marefu kwamba serikali kuu ina uwezo wa kutoa fedha za barabara, lakini haina mamlaka ya kusimamisha vizuizi na kutoza watu ndani ya majimbo. Serikali iliyokuwa na uwezo wa kuijenga barabara ikajikuta haina uwezo wa kuilinda.

Ufumbuzi ukapatikana katika miaka ya 1830. Serikali kuu iliitengeneza barabara upya kwa tabaka za kokoto zilizovunjwa na kushindiliwa, kisha ikayakabidhi majimbo, kila jimbo sehemu yake. Majimbo ndiyo yaliyojenga nyumba za ushuru. Moja tuliiona Searights, karibu na Uniontown, nyumba ya matofali yenye pembe nane na madirisha ya kutazama huku na huku, na nyingine Addison, karibu na mpaka wa Maryland.

Viwango vya ushuru wa Pennsylvania viliwafurahisha watoto. Farasi na mpandaji wake senti 4. Kondoo au nguruwe ishirini senti 6, ng'ombe ishirini senti 12. Gari la kukokotwa lilitozwa kwa kadiri ya wembamba wa magurudumu yake, kwa kuwa gurudumu jembamba hukata njia na pana huishindilia, na lililozidi upana wa inchi 8 halikulipa kitu. Wapo waliosamehewa: waendao ibadani, waendao mazikoni, na watoto waendao shule. Mama aliposikia hayo alisema kuwa aliyeandika msamaha huo alikuwa mtu mwenye jamaa.

Wasioulizwa

Adhuhuri ilitukuta katika uwanda wa majani uitwao Great Meadows, juu ya milima mashariki ya Uniontown. Hapo ndipo ilipo Fort Necessity, ngome ndogo ya magogo ambamo George Washington, akiwa kijana wa miaka 22, alisalimu amri mbele ya Wafaransa na wenyeji walioungana nao mwezi Julai 1754. Si mbali na hapo lipo kaburi la Jenerali Edward Braddock wa Uingereza, aliyekuja mwaka uliofuata na jeshi kubwa akilifyekea njia msituni, akapigwa, akafa. Walimzika katikati ya njia yenyewe, magari yakapita juu ya kaburi ili lisitambulike.

Tulitandika mikeka yetu kivulini tukaswali. Baada ya swala, kijana wetu wa pili alisoma kibao cha maelezo akatuletea jina: Nemacolin. Huyu alikuwa mtu wa taifa la Lenape, wenyeji wa nchi, ambaye yapata mwaka 1750 aliwaonyesha wafanyabiashara wa Kiingereza njia ya kuvuka milima hii, nao wakaiweka alama. Braddock alifuata njia ile akaipanua. Barabara ya Taifa nayo ilifuata kwa sehemu kubwa uelekeo huohuo. Makamishna walipimia juu ya nyayo.

"Na hao Lenape," mama akauliza, "walipeleka ridhaa yao mwaka gani?"

Tuliipitia tena hesabu yote tuliyokuwa nayo. Maryland iliombwa. Virginia iliombwa. Pennsylvania iliombwa ikaweka sharti. Ohio ilikaa mezani ikajadiliana mpaka asilimia. Wenyeji hawamo. Wao waliondolewa katika hesabu kabla ya barabara kuandikwa: walishindwa vitani mwaka 1794, na mwaka 1795, kwa mkataba wa Greenville, Lenape, Shawnee, Miami, Wyandot na wengineo wakaachia sehemu kubwa ya nchi ambayo sasa ndiyo Ohio. Ardhi ile ndiyo iliyouzwa kwa walowezi, na mauzo yale ndiyo yaliyotoa zile asilimia 2. Kwa hiyo hawakuwa tu watu waliopitwa na barabara. Barabara ilianza kulipiwa kwa nchi yao.

Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Alikuwa akiokota makombo ya maandazi juu ya mkeka na kuyaweka kiganjani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kama anayezungumza na nafsi yake, "Yule mzee wa kwenye kona. Tumemwuliza?"

Sote tulimjua anayemsema. Pembeni ya shamba letu, upande uleule wa michungwa, anaishi mzee aliyeruhusiwa na babu kujenga kibanda na kulima, miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa. Hana hati, hana jina katika daftari la ukoo. Wazee walipokubali kukitoa kipande, walihesabu waliomo katika mirathi: huyu yuko Tanga, huyu Dar es Salaam, huyu yuko kwa wanawe Marekani. Kwa mujibu wa karatasi hapakuwa na mtu aliyesahauliwa. Na sisi tulioupokea ujumbe, tukausoma mara mbili, tukabishana juu ya amana ya Jefferson kilomita mia kadhaa, hatukumkumbuka.

Cumberland

Baada ya hapo safari ilikuwa na utulivu. Tuliingia Maryland, tukasimama Grantsville kwenye daraja la Mto Casselman, lililojengwa mwaka 1813. Ni tao moja la mawe lenye upana wa futi 80, na lilipojengwa hapakuwa na tao la mawe refu kuliko hilo nchini kote. Sasa ni la waendao kwa miguu. Watoto walilipanda mgongo wake uliotunuka wakawa wanatupa majani upande mmoja na kukimbilia upande wa pili kuyaona yakitokea. Kisha tukapita Frostburg, tukaipita nyumba ya ushuru ya LaVale, tukateremka katika bonde jembamba lililopasuliwa na kijito cha Wills, na mbele yetu pakatokea minara ya Cumberland.

Mahali barabara ilipoanzia hapana kishindo. Pana bustani ndogo, pale kijito kinapoungana na Potomac, na kibanda cha magogo kinachohusishwa na Washington. Tulikaa kwenye benchi. Mama akaomba karatasi na kalamu, kwa kuwa ujumbe wa sauti, alisema, huchukuliwa na upepo. Akatusomea, nasi tukaandika.

Kwamba yeye anaridhia barabara ya zahanati ipite, kwa kuwa mgonjwa hana subira. Kwamba upana wake uandikwe kwa mita, na upimwe mbele ya watu wa ukoo na wa kijiji. Kwamba makaburi ya wazee yasiguswe. Kwamba michungwa itakayokatwa ihesabiwe, na thamani yake isilipwe kwetu bali iingie katika kuchimba mitaro. Kwamba liandikwe jina la kamati itakayoizibua mitaro hiyo kila inapokaribia masika, na fedha zake zitatoka wapi. Na kwamba kabla ya lolote kati ya hayo, mmoja wa wazee aende kwa miguu yake mpaka kwenye kibanda cha kona, aketi, amwulize mzee yule anaonaje. Akikataa njia isikate kwake, ipimwe upya.

Mmoja wetu alimwambia, "Mama, wakipima upya barabara itachelewa. Huenda na fedha za mwaka huu zikaenda kijiji kingine." Akajibu, "Najua. Andika hivyohivyo." Akatia saini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, na chini yake tukaandika jina lake kwa herufi za kawaida.

Barua ile tuliipiga picha tukaituma usiku uleule, na nakala ya karatasi tukaiweka posta asubuhi. Wazee wametujibu kuwa wameipokea, na kuwa wako wasiolipendezwa sharti la mwisho. Mzee wa kona amekwisha kutembelewa. Alichosema ni kuwa anataka siku chache za kufikiri, maana katika umri wake wote hakuna aliyepata kumwuliza habari ya ardhi ile.

Hadi tunapoandika haya, bado anafikiri. Nasi tunangoja.